Kutoka Kigoma hadi Paje kwa mchezo wa kaiti: soma mwezi kwanza, kata tiketi baadaye

Wengi hupanga safari ya pwani kwa kuangalia likizo na nauli. Kwa kaiti, mchezo wa kuteleza juu ya maji ukiwa umesimama kwenye ubao huku ukivutwa na tiara kubwa, mpango wa namna hiyo huharibika asubuhi ya kwanza. Unafika ufukweni Paje, Unguja, saa 4 asubuhi, na ulipotegemea kukuta maji kuna mchanga mtupu unaoelekea mwambani. Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Bahari hupwa mara 2 na kujaa mara 2 kila siku, na saa zake hufuata mwezi wa angani.

Hatua ya 1: Chagua msimu wa upepo

Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, huvuma Desemba hadi mwanzoni mwa Machi; kusi, upepo wa kusini-mashariki, huvuma Juni hadi Septemba. Epuka masika, Machi mwishoni hadi Mei: mvua nyingi na upepo usiotulia.

Paje inatazama mashariki, kwa hiyo pepo zote mbili huingia zikitoka baharini, kwa mshazari. Ukiangusha tiara au ukiishiwa nguvu, zinakurudisha mchangani. Kigoma ni kinyume chake. Mji uko mwambao wa mashariki wa ziwa, hivyo upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi unatoka nchi kavu, tena umekatwakatwa na milima. Ukikushinda, unakusukuma kuelekea Kongo, na ziwa lina upana wa kilomita 50 hivi. Usijifunzie kaiti Ujiji peke yako, hata kama maji yanaonekana shwari.

Hatua ya 2: Linganisha safari na mwezi wa angani

Hapa ndipo penye kazi, na mtu wa Kigoma ana msingi tayari. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi hufuata mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali taa zao hazivuti samaki. Tumia macho hayohayo.

Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, huja bamvua: tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Siku hizo Unguja maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, kisha hujaa mnamo saa 10 alasiri. Asubuhi hakuna pa kutelezea, na alasiri maji hula ufuko hadi unakosa nafasi ya kurushia tiara. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu: tofauti ni ndogo na maji hubaki ya kutosha karibu siku nzima. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Anayeanza ajipangie maji mafu, anahitaji maji ya kiunoni. Ukiondoka Kigoma siku ya 4 baada ya mwezi mpevu, ukatumia siku 3 njiani, utafika maji mafu yakikaribia.

Hatua ya 3: Hesabu siku

Mafunzo ya mwanzo huchukua saa 8 hadi 12, na mwili hauvumilii zaidi ya saa 3 kwa siku. Weka siku 4 za maji, ongeza 2 za akiba kwa ajili ya upepo kugoma. Tafuta mwalimu mwenye cheti cha IKO, shirika la kimataifa la mchezo wa kaiti, na uulize bei ya Mtanzania kabla hujakubali iliyotajwa kwa dola.

Hatua ya 4: Chagua ukubwa wa tiara

Zidisha uzito wako kwa 4, kisha gawanya kwa kasi ya upepo katika kilomita kwa saa. Mtu wa kilo 70 kwenye upepo wa kilomita 30: 280 gawanya kwa 30 ni 9.3, achukue tiara ya mita za mraba 9. Upepo wa 24 unadai 12. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Tiara kubwa kupita kiasi ndiyo inayomburuta mtu mchangani. Anayejifunza asinunue chochote kwanza, akodi hukohuko.

Hatua ya 5: Njia na mzigo

Treni ya Reli ya Kati hupita Tabora na huchukua siku 2 hivi hadi Dar es Salaam. Haiondoki kila siku, uliza ratiba mapema. Kwa ndege, ulizia mzigo mrefu kabla ya kulipa, maana mfuko wa ubao hufika mita 1.5. Boti ya Dar hadi Unguja ni saa 2 hivi, beba kitambulisho. Wakati wa kusi bahari huchafuka, kwa hiyo usile sana kabla ya kupanda.

Ndani ya mfuko weka viraka vya mirija ya tiara inayojazwa hewa, skrubu za mapezi ya ubao, bisibisi, fulana ya mikono mirefu na viatu laini vya mpira kwa ajili ya miiba ya baharini.

Hatua ya 6: Kabla ya kuingia majini

Tembea ufuko maji yakiwa yamepwa, ukariri mashamba ya mwani yalipo. Maji yakijaa, vigingi na kamba vyote hufichika. Ukipita juu yake unajiumiza na unaharibu riziki ya wakina mama wa kijiji. Jaribu kifyatuo cha dharura, kinachoondoa mvuto wa tiara, mara 3 ukiwa nchi kavu. Usiiache tiara iliyojazwa juani, hewa hutanuka na mishono ya mrija huachia.

Siku ya mwisho usiingie majini. Suuza tiara, kamba na mkanda wa kiunoni kwa maji yasiyo na chumvi, ukaushe kivulini hadi mikunjo ya ndani. Siku 2 za treni ndani ya mfuko uliofungwa zinatosha kuotesha ukungu kwenye kitambaa chenye unyevu, na chumvi huifanya zipu igande kabla hujafika Kigoma.