Paka anapozaa: somo kwa wanaokesha na boksi

Paka wa kwanza kuzaa mbele ya macho yangu alizaa kabatini, juu ya sare za shule zilizopigwa pasi, saa nane usiku. Boksi zuri nililomwekea sebuleni hakulitazama hata mara moja. Tangu siku ile nimewazalisha wengi, ingawa kusema kweli wamejizalisha wenyewe na mimi nilikuwa nimekaa pembeni na tochi. Kazi yako kubwa ni kutazama. Ugumu ni kujua dakika zile chache ambazo mkono wako unahitajika.

Hatua ya 1: Hesabu siku

Mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 67, yaani wiki tisa na kidogo. Kama hujui alipandwa lini, angalia chuchu. Kwenye wiki ya tatu huvimba na kuwa za waridi. Tumbo huonekana vizuri kuanzia wiki ya tano.

Mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo limebanwa. Ukimudu chakula cha dukani, mnunulie kile cha watoto wa paka, kina nguvu zaidi. Usipomudu, chemsha dagaa au samaki bila chumvi, toa miiba mikubwa, changanya na wali kidogo. Ugali uliolowekwa kwenye mchuzi haumtoshi hata siku moja, maana paka ni mla nyama. Dawa ya minyoo au ya viroboto usimpe kwa kubahatisha. Muulize daktari wa mifugo kwanza.

Hatua ya 2: Mahali pa kuzalia

Paka anataka giza, kimya na mahali pa kujibana. Weka maboksi mawili, moja chini ya kitanda na lingine nyuma ya kabati, achague mwenyewe. Mlango wa boksi uwe na kizingiti cha kimo cha kiganja, mama apite lakini watoto wasibiringike nje. Ndani tandika vipande vya kanga kuukuu. Taulo zenye nyuzi nyuzi hunasa kucha za watoto.

Sasa sisimizi na siafu, ambao watu wengi huwasahau. Harufu ya damu na kondo huwaita, na mtoto wa siku moja hawezi kuwakimbia. Mimi huweka boksi juu ya meza fupi, na kila mguu wa meza nautia kwenye kopo la maji yenye sabuni. Usizungushie mafuta ya taa wala kupuliza dawa ya wadudu. Paka hujilamba, kwa hiyo kinachogusa manyoya kinaishia tumboni. Hata zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe ukizitia kwenye maji ni sumu kwake. Fua kanga kwa sabuni ya kawaida, suuza vizuri, anika juani.

Hatua ya 3: Siku yenyewe

Joto la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likishuka chini ya 37.8, kwa kawaida atazaa ndani ya saa 24. Asiye na kipimajoto ataona dalili nyingine: anakataa chakula, anaingia na kutoka, anaparua matandiko, anajilamba nyuma, wengine wanakufuata kila uendako wakilia. Hali hiyo yaweza kuchukua nusu siku au zaidi. Mwache.

Uchungu wa kusukuma ukianza utaona tumbo likikaza. Mtoto hutoka ndani ya ngozi laini kama mfuko. Akitanguliza kichwa sawa, akitanguliza mkia na miguu ya nyuma sawa pia. Mama atapasua mfuko, atamlamba mtoto mpaka alie, atakata kitovu kwa meno, kisha atakula kondo. Usimnyang'anye. Wewe hesabu tu: kila mtoto na kondo lake. Anayefuata huja baada ya dakika 10 hadi saa moja hivi.

Mkono wako unahitajika mama akimwacha mtoto ndani ya mfuko zaidi ya dakika moja au mbili. Pasua mfuko kuanzia puani, futa pua na mdomo, msugue mgongo kwa kitambaa kikavu, kichwa kikiwa chini kidogo. Sugua kwa nguvu kiasi, kama mama anavyolamba, mpaka alie. Usimrushe rushe kama wazee wengine walivyotufundisha. Kitovu kikibaki, funga uzi safi sentimita 2 au 3 kutoka tumboni, kata mbele ya fundo, pakaa ayodini.

Mpeleke kwa daktari upesi ukiona haya: anasukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kitu, mtoto amekwama nusu ndani nusu nje, damu nyekundu inachuruzika, au uchafu wa kijani kibichi umetoka na hakuna mtoto anayefuata. Kuna paka hupumzika katikati kwa saa nyingi, ametulia, ananyonyesha, anakula, halafu anamalizia waliobaki. Huyo hana neno. Wa kuogopwa ni yule anayehangaika au aliyelegea.

Hatua ya 4: Wiki za mwanzo

Hakikisha kila mtoto amenyonya mapema, maana kinga ya dang'a, yaani maziwa ya kwanza, huingia mwilini katika siku ya kwanza tu. Kisha tafuta mizani ya jikoni. Mtoto huzaliwa na gramu 90 hadi 110, na huongezeka kama gramu 10 kila siku. Mizani itakuonya kabla ya macho yako. Asiyeongezeka siku nzima mweke kwenye chuchu za nyuma, ndizo mara nyingi zenye maziwa zaidi.

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Usiyafungue wewe. Wiki ya tatu wanayumba kama walevi, ya nne wanaanza kulamba chakula laini.

Maswali

*Dada shikamoo. Niko Njombe. Mama paka amegongwa na bodaboda, watoto watatu wana siku nne. Nawapa maziwa ya ng'ombe, wanaharisha.*

Marahaba, pole sana. Acha maziwa ya ng'ombe leo hii. Kwa baridi ya huko, anza na joto: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, upande mmoja wa boksi, wapate pa kusogea wakizidiwa. Mtoto wa baridi usimlishe, tumbo lake halifanyi kazi. Akipata joto ndipo ale. Ulizia maziwa ya unga ya watoto wa paka kwa daktari wa mifugo. Wakati unayatafuta, maziwa ya mbuzi ni afadhali kwa siku moja mbili. Mlaze kifudifudi, kamwe si chali, mpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Kabla na baada ya kula msugue sehemu za haja kwa pamba yenye maji vuguvugu, bila hivyo hawezi kukojoa. Na kuharisha huko kunawakausha maji, kwa hiyo daktari awaone leo. Kama kuna paka mzazi jirani, jaribu kumpa awanyonyeshe.

*Nikiwashika mama atawala?*

Anayekufahamu hana shida. Nawa mikono, usikae nao muda mrefu, usilete wageni.

*Wangu amezaa wiki tatu zilizopita. Tangu asubuhi anatetemeka na kutembea amekakamaa.*

Huenda kalisi imemwishia kwa kunyonyesha. Usingoje kesho, anaweza kufa. Watenge watoto, mpeleke sasa. Na usimpe parasetamoli, inaua paka.

*Mke wangu ni mjamzito, shemeji zake wanataka paka na watoto wake wafukuzwe.*

Si lazima. Kinyesi ukizoe wewe, kila siku, kwa sababu vimelea vilivyomo kwenye kinyesi hicho, ambavyo ndivyo hatari kwa mimba, huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Mkeo asishike mchanga ambao paka hujisaidia, avae glavu akilima bustani, na nyama iive vizuri. Hao shemeji waulize kwanza kama mishikaki wanayomletea imeiva.

*Mmoja mweupe, mmoja wa chui, mmoja mweusi. Baba ni yupi?*

Huenda ni mashume, yaani paka dume, wawili au watatu. Mimba moja yaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Mfungie ndani sasa, kwani anaweza kubeba mimba nyingine hata kabla hawa hawajaacha kunyonya. Wakifika wiki nane, mpeleke akafungwe kizazi.

*Dada, ni mimi wa Njombe. Mmoja amekufa usiku. Wawili wameacha kuharisha na wameongezeka gramu 8 tangu jana. Naweza kulala sasa?*

Pole kwa huyo mmoja. Hao wawili wanakwenda vizuri. Lala, lakini weka kengele ya saa nane na ya saa kumi na moja. Wakitimiza wiki mbili na tumbo likishika, utaruka ile ya saa nane.