Algebra chuoni: changanya mazoezi, funga daftari

Kwa nyinyi mnaoanza algebra chuoni hapa Bukavu muhula huu: msingoje silabasi imalizike ndipo muanze kusoma. Kila Jumamosi chagua mazoezi manne, mawili ya wiki hii na mawili ya mwezi uliopita, yachanganye, funga daftari, uyafanye upya kwenye karatasi tupu. Kunakili suluhisho la asistenti ubaoni si kusoma. Mkono unaandika, akili iko sokoni Kadutu.

Kuchanganya ndiko kunakosaidia, maana mtihani haukuambii "hapa tumia delta" (yaani b² − 4ac, ya kutafutia majibu ya mlinganyo wenye x²). Chukua x² − 5x + 6 = 0. Wengi hukimbilia delta: 25 − 24 = 1, majibu 2 na 3. Sawa. Lakini ukiitazama kwanza, (x − 2)(x − 3) inajitokeza yenyewe na muda unabaki. Kisha weka 2 mahali pa x: 4 − 10 + 6 = 0. Uhakiki huo hauchukui hata nusu dakika, na bado watu wanauruka, sijui kwa nini.

Pointi nyingi hupotelea kwenye alama za hesabu, kama ya kutoa na mshale wa kubwa-ndogo. −2x > 6 inatoa x < −3: mshale unageuka kwa sababu umegawanya kwa namba hasi. Makosa ya aina hiyo yaandike ukurasa wa mwisho wa daftari. Na zile picha za ubao, zihamishie kwenye karatasi mapema. Umeme ukikatika na simu ikazima usiku wa kuamkia interro (jaribio fupi la darasani), hazikusaidii kitu.