Land Rover ya zamani inayopiga risasi kwenye egzosi

Ukitoka Karatu kwenda Mto wa Mbu unateremka ukingo wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likiwa chini, upande wako wa kulia. Pale ndipo Land Rover yangu ilipokuwa inaniaibisha. Ni 109 ya Series III, injini ya petroli ya lita 2.25. Naachia mafuta, gia ya tatu inashika, na egzosi inaanza: pa! pa-pa! Siku moja watalii waliosimama kutazama ziwa waliinama wote kwa pamoja.

Mimi si fundi, nalima vitunguu Mang'ola. Ila ada ya ujinga nimeshailipa: kabureta nyingine, plagi mpya, waya mpya, na risasi ziko pale pale. Fundi aliyenifungia vyote hivyo hakuwahi kuniuliza, "Linalipua wakati gani?"

Anza na swali hilo, kabla hujashika spana. Likilipua unapoachia mafuta, tafuta hewa inayoingia kwenye egzosi. Likilipua unapokanyaga, hasa lina mzigo au linapanda, tafuta kasoro kwenye moto wa plagi: plagi zenyewe, pointi (swichi ndogo ndani ya distributa), kondensa yake, na taimingi, yaani wakati cheche inapotoka. Mlio ukitokea mbele, kwenye kabureta, mara nyingi petroli haitoshi kwa hewa inayoingia, au kuna mtu kapishanisha waya za plagi. Kwenye injini hii moto unakwenda 1-3-4-2, na namba moja ni ile ya mbele, upande wa feni. Hesabu waya kwanza, ni bure.

Langu lilikuwa la kuachia. Ukiondoa mguu, kinachoingia kwenye silinda ni kidogo na hakiungui vizuri, kwa hiyo petroli mbichi inatoka na moshi. Bomba likiwa zima, inapita zake. Kukiwa na jointi iliyoachia, egzosi inavuta hewa ya nje kupitia ule ufa, hewa inakutana na petroli na joto, na mlipuko unatokea ndani ya bomba.

Kuupata ufa hakuhitaji mashine. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, mulika tochi pale manifodi, ile inayokusanya moshi wa silinda zote, inapokutana na hedi, yaani kichwa cha injini, kisha pale bomba linapofungwa chini ya manifodi. Unatafuta masizi meusi yaliyotapakaa kama moshi wa kibatari ukutani. Halafu toa gari nje ya banda, maana moshi huo unaua, liwashe, na mtu abane mdomo wa egzosi kwa tambara nene lililolowa, sekunde chache tu. Wewe inama kwenye injini usikilize. Kwangu ilisikika tss, tss, tss chini ya manifodi. Nikapeleka kiganja karibu bila kugusa, nikahisi pumzi. Kati ya nati tatu za pale, moja haikuwepo kabisa. Barabara ya Mang'ola ilishaichukua. Gasketi mpya na nati za shaba, kwa kuwa za chuma zikishika kutu utakata na boliti yake, na mteremko ukanyamaza.

Nikadhani nimemaliza. Wiki iliyofuata, na magunia nyuma, likaanza kulipua nikipanda.

Hapo unahamia kwenye moto. Liache linaunguruma bila kukanyaga mafuta, chomoa waya za plagi moja moja na kuzirudisha. Ile ambayo ukiichomoa mlio haubadiliki, silinda yake imelala. Tumia koleo lenye mpini wa plastiki. Mimi nilitumia vidole, na koili ikanifundisha adabu hadi kwenye bega. Zangu zote nne zilibadilika, kwa hiyo tatizo lilikuwa la silinda zote, nikafungua kifuniko cha distributa, kile kigawa moto wa plagi. Pointi zikifunguka kabisa zinatakiwa kuacha nafasi ya 0.35 hadi 0.40 mm. Fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya 0.35 haikupita. Kile kisigino cha pointi kinachopanda kwenye kemu ya distributa kikilika, nafasi inapungua na moto unachelewa, basi vavu ya kutolea moshi inafunguka wakati petroli bado inaungua. Nikarekebisha nafasi, kisha nikapima taimingi upya, kwa sababu ukigusa pointi umegusa na taimingi. Nyuso za pointi zikiwa zimeungua na kuchimbika, badili kondensa pia. Ile ya zamani iweke akiba kama bado inafanya kazi: kondensa mpya za bei rahisi nimewahi kufunga mbili, na moja haikufika Karatu.

Ukifanya yote hayo na silinda moja bado imelala, pima tapeti, ile nafasi ndogo juu ya vavu, 0.25 mm kwa vavu zote. Ikiwa imebana sana vavu haifungi, na ikikaa hivyo muda mrefu inaungua. Vavu iliyoungua ni kazi ya kufungua hedi. Mpe mtu anayeijua.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa wazee wenzangu wa kubana mafuta: acheni kuzima swichi mteremkoni gari likiwa kwenye gia. Injini inaendelea kusukuma petroli mbichi kwenye egzosi, na ukirudisha swichi inawaka yote kwa mkupuo. Sailensa ya kwanza ya hili gari niliivua ikiwa imepasuka kwa urefu, kama ganda la karanga.