Kusafisha udongo wa Tanga kwa vigae vya sakafu

Udongo wa mfinyanzi wa Tanga una maadui wawili, chokaa na chumvi. Mchanga haukusumbui, unautoa kwa dakika moja. Mji umekalia mawe ya chokaa, yaleyale yaliyotobolewa na maji yakawa mapango ya Amboni. Nako upande wa mikoko unachimba udongo na chumvi yake.

1. Pima shimoni. Ondoa futi moja ya juu yenye mizizi. Chukua donge kavu ulidondoshee siki. Povu likitoka hapa na pale, kuna punje za chokaa, na hizo zinachujika. Donge likitoa povu lote, chokaa imeungana na udongo; hakuna chekeche litakaloitenga. Tafuta shimo jingine.

2. Kausha, kisha loweka. Ponda madonge yalingane na maharage, uyaanike mpaka yakauke kabisa. Donge kavu husambaratika lenyewe majini, bali bichi hubaki na kiini kigumu wiki nzima. Pipa la lita 200 litie maji lita 120, ndipo umwage madebe mawili ya udongo. Usikoroge mpaka kesho yake.

3. Chuja. Koroga, hesabu dakika moja mchanga uzame, chota uji wa juu. Upitishe kwenye wavu wa mbu wa dirishani, kisha chekeche namba 80, lenye matundu ya mm 0.18 hivi. Ukikwama ongeza maji, usisukume kwa mkono. Punje ya chokaa ikipenya, moto wa nyuzi 900 unaigeuza chokaa hai. Baadaye inanyonya unyevu, inavimba na kurusha kipande cha kigae. Utaona kishimo chenye nukta nyeupe katikati, na pengine vigae vimeshabandikwa.

4. Osha chumvi. Acha uji utulie, mwaga maji ya juu, tia mapya, koroga. Rudia mara tatu au nne. Udongo wenye chumvi huzama upesi na kuacha maji maangavu. Chumvi ikipungua, mara nyingi udongo hugoma kuzama, maji yakabaki kama chai ya maziwa hadi asubuhi. Wanaoanza hudhani wameuharibu, kumbe hapo ndipo pa kusimama: tia kikombe cha siki, utazama. Kisima cha maji ya chumvi hakifai. Tumia ya mvua au bomba. Chumvi iliyobaki huacha utando mweupe usoni mwa kigae.

5. Kamua. Mimina kwenye foronya, ning'iniza kivulini. Usiponata kiganjani, kanda.

6. Punguza usafi. Udongo uliochujwa hivi husinyaa mno, na pembe za vigae huinuka. Chora mstari wa mm 100 kwenye kigae kibichi. Kikikauka ukasoma chini ya 93, changanya sehemu moja ya vigae vilivyochomwa na kusagwa kwa sehemu nne za udongo. Mchanga wa ufukweni usiuguse: umejaa chembe za makombe, ambazo ni chokaa ileile uliyoihangaikia.

7. Jaribu. Choma vigae vitatu, vifukize kwa mvuke kwa muda wa saa tatu. Usivizamishe majini, kwani maji mengi huweza kuizima chokaa kimya kimya na kukuficha kasoro. Visipomenyeka baada ya wiki, jaza tanuri.