Kabla hujavunja gari la kale, ingia uvunguni

Kama umepata Chevrolet Chevelle ya 1969 na unasita kati ya kulijenga gari upya na kuliendesha lilivyo, achana na rangi kwanza. Anza na chesisi. Shika nyundo ndogo, lala uvunguni, gonga taratibu: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito na kumwaga unga. Kagua sakafu ya buti na chini ya kioo cha nyuma, maji hupenda kutuama pale. Kisha pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa nyuma ya magurudumu. Isiponata, hapo fundi alijaza puti, ile lipu ya kuziba bodi, badala ya bati.

Chesisi ikiwa nzima, mimi nasema liendeshe, hata rangi ikiwa imepauka. Pesa zako ziende kwenye breki, matairi na mipira ya petroli. Tena kama gari ni la 1966 kurudi nyuma, kwa kawaida masta silinda yake, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, ina chemba moja tu: mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Funga ya chemba mbili kabla hujaingia barabarani, tafadhali sana.

Linganisha pia namba ya utambulisho wa gari iliyo kwenye dashibodi na ile iliyogongwa kwenye bloku ya injini. Tarakimu za mwisho zikioana, ishara kwamba injini ni ya asili, na rangi ni ya kiwandani, usikwangue chochote; wanunuzi Marekani huyalipia vizuri magari ya namna hiyo. Chesisi ikiwa imetoboka, hapo ndipo uzungumze na fundi wa kuchomelea.