Marejea kitaluni: fukia mvua ikiwa bado ipo

Miche ikishatoka kwenda kupandwa, Desemba na Januari, matuta ya kitalu cha miti hukaa bure. Mimi hapa Chamwino, Dodoma, ndipo huingiza marejea, mmea wa jamii ya kunde unaofukiwa ukiwa mbichi ili kurutubisha udongo. Tawanya mbegu kwa wingi ardhi ikiwa na unyevu, pitisha reki, basi. Vinundu vya mizizi yake hujipatia naitrojeni kutoka hewani, na marejea hupunguza minyoo fundo inayovimbisha mizizi ya miche. Kunde nazo zingefaa, ila nyumbani kwangu majani ya kunde hayafiki ardhini: huchumwa mboga, mengine yakaanikwa, yakaisha.

Fyeka marejea maua yake ya njano yanapoanza tu, miezi miwili hivi tangu kupanda. Ukichelewa shina hukomaa, na vijidudu vya udongo hutumia naitrojeni iliyopo ili kuliozesha; miche ndiyo inayobaki na majani ya manjano. Katakata vipande vifupi, ufukie kwa kina cha jembe.

Kwa Dodoma, tarehe ndiyo kila kitu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na ikifika Mei imeshakwenda. Fukia Machi. Majani yaliyofukiwa kwenye ardhi kavu hayaozi, yanalisha mchwa, na mchwa akishazoea kitalu habagui.

Usisie mbegu za miti juu ya majani mabichi, kuvu wa kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga, hushamiri humo. Subiri wiki tatu hadi nne, kisha jaza udongo kwenye kopo, nyunyiza mchicha, mwagilia. Miche ya mchicha ikisimama wima, endelea. Ikianguka, shingo imesinyaa usawa wa udongo kana kwamba imefungwa uzi, geuza tuta usubiri tena.

Agosti jaza viriba, mifuko ya kuoteshea miche: udongo huo sehemu tatu, mchanga moja, samadi iliyooza nusu tu. Udongo uliofukiwa marejea unashika maji vizuri zaidi, na sisi tunaonunua maji kwa dumu tunajua maana yake. Tofauti utaiona kwa mjohoro na mwarobaini, miti isiyo na vinundu vyake; mgunga unavyo, hujitegemea.

Ubaya wa udongo wenye rutuba hivi ni miche kurefuka na kulegea, ndiyo maana samadi naibana. Mwezi wa mwisho punguza maji, ondoa kivuli kidogo kidogo, kata mizizi iliyotoboa kiriba. Wateja wa barabarani watachagua mirefu hata hivyo. Wape ile mifupi yenye shina gumu.