Somo: Swingi ya gofu kwa sisi tulioanza ukubwani

Kila wiki kuna mtu ananitumia video ya sekunde nne na swali lilelile: “Mkuu, kwa nini mpira wangu unapinda kulia?” Wiki iliyopita walikuwa watatu. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Mimi si mwalimu. Nilishika fimbo mara ya kwanza nikiwa na miaka 41, mgongo umeshazoea kiti cha ofisi, na nimeharibu karibu kila kinachoharibika. Nimeandika kwa anayepiga mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze kila nilipoandika kulia kuwa kushoto, na kushoto kuwa kulia.

1. Fimbo. Anza na chuma namba 9 au 8, fimbo fupi za kichwa cha chuma. Dreva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ibaki kwenye begi.

2. Mshiko. Fimbo ilale kwenye vidole vya mkono wa kushoto, isilale katikati ya kiganja. Ukitazama chini uone vifundo viwili au vitatu vya mkono huo. Kiganja cha kulia kifunike gumba la kushoto. Kidole kidogo cha kulia unaweza kukikalisha juu ya vidole vya kushoto, mshiko ambao umebeba jina la bingwa wa zamani Harry Vardon, au ukakisokota na kidole cha shahada cha kushoto kama mabingwa Jack Nicklaus na Tiger Woods. Wengine huweka vidole vyote kumi kwenye fimbo. Chagua mmoja na usibadili kila Jumamosi. Ukali wa mshiko uwe kama wa kumshika mtoto mkono mnapovuka barabara: haponyoki, na haumii.

3. Kusimama. Miguu upana wa mabega, inama kutoka kwenye nyonga, magoti yalegee, mikono ining'inie yenyewe. Mpira katikati.

4. Kulenga. Elekeza uso wa fimbo (upande unaogusa mpira) kwanza, ndipo upange miguu. Wengi hufanya kinyume.

5. Kupandisha. Geuza mabega mpaka mgongo uitazame shabaha, kadiri mwili unavyoruhusu. Mkono wa kushoto hauhitaji kunyooka kama rula.

6. Kushusha. Hapa ndipo nilipopoteza mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo soma taratibu.

Mtu mzima akifika juu na fimbo, akili inamwambia “piga!” na mabega yanatangulia. Anapasua kuni. Fimbo inashuka ikitokea nje na kuukata mpira kuelekea kushoto, uso ukiwa bado haujafunga, na mpira unapinda kulia. Nilipoona unakwenda kulia nikafanya anachofanya kila mtu: nikalenga kushoto. Ukapinda zaidi. Nikalenga kushoto zaidi. Mwishowe nilikuwa nimesimama kama mtu anayetaka kuupigia uwanja mwingine kabisa, na mpira bado unachora ndizi na kurudi kwenye vichaka vya kulia. Mwalimu mmoja niliyemlipa alinipa dawa moja tu, “kichwa chini”. Nikakiweka chini miezi minne. Nilichopata ni shingo kuuma.

Kinachotakiwa ni uzito uhamie mguu wa kushoto kabla mikono haijafanya lolote. Nyonga zianze, mabega yafuate, halafu mikono, fimbo iwe ya mwisho. Utahisi umechelewa. Hisia hiyo ndiyo unayoitafuta. Zoezi: panda mpaka juu, simama, hamishia uzito mguu wa kushoto huku mikono ikibaki juu, ndipo upige kwa nusu ya nguvu. Mipira 20 inatosha kwa siku.

Tahadhari. Nyonga zigeuke, zisiteleze tu kuelekea shabaha kama droo. Usijaribu zoezi hili na dreva. Na ukianza kuchimba udongo nyuma ya mpira, ujue uzito umebaki mguu wa kulia. Kwa chuma, nyasi zinatakiwa kukatika kuanzia mbele ya mpira. Kunja taulo uiweke shubiri moja nyuma ya mpira. Ukiigusa, huhitaji mtu wa kukuambia.

7. Kumalizia. Tumbo litazame shabaha, kisigino cha kulia kiwe juu, simama hivyo mpaka mpira utue. Ukiyumba, umetumia nguvu usizoweza kuzibeba.

MASWALI

Kibuyu: Mkuu somo zuri sana. Mimi napiga kushoto, nifuate hatua zipi?

Jibu: Aya ya pili.

Ngurumo77: Dreva gani inaondoa hii slaisi, mpira kupinda kulia? Bajeti si tatizo.

Jibu: Hakuna. Hatua ya 6.

Ngurumo77: Mbona kuna zilizowekwa uzito upande wa kisigino? Au hujui?

Jibu: Nazijua, ninayo moja. Husaidia uso kufunga mapema kidogo. Ila ukipasua kuni kwa shoka zuri, bado unapasua kuni.

Nyota ya Jioni: Kaka, naomba kueleweshwa. Kwa nini kulenga kushoto kunaongeza kupinda? Nilidhani mpira unafuata fimbo inakoelekea.

Jibu: Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Wafundishaji wengi nao walikuwa wakisema hivyo: mpira unaanza kwa njia ya fimbo, kisha unageukia uso ulikotazama. Rada za kupima mpira zilipokuja zikaonyesha kwamba mpira unaanzia karibu na uso ulikotazama wakati wa kugusana, na kupinda kunaletwa na tofauti kati ya uso na njia. Sasa chukua hesabu. Uso unatazama bendera, njia ya fimbo iko nyuzi 5 kushoto. Mpira unaanza kushoto kidogo tu ya bendera, kisha unapinda kulia. Ukigeuza miguu na mabega nyuzi 5 nyingine kushoto, njia inakuwa 10. Lakini akili yako inajua bendera iko wapi, na mikono inauacha uso uitazame bendera vilevile. Tofauti ilikuwa 5, sasa ni 10. Umejiongezea ugonjwa kwa dawa.

Nyota ya Jioni: Kwa hiyo uso nao ukigeuka kushoto 10, mpira unanyooka kushoto?

Jibu: Kabisa. Na zingatia hili: ukiona chuma chako kifupi kinapeleka mpira kushoto ukiwa umenyooka, na dreva inapinda kulia, usitafute dawa mbili. Ni swingi ileile. Uso wa chuma kifupi una mwinamo mkubwa, mpira unazunguka kinyumenyume sana, hivyo kupinda hakuonekani. Dreva ina mwinamo mdogo, haifichi kitu.

Nyota ya Jioni: Nimekuwa nikitibu magonjwa mawili mwaka mzima. Asante sana kaka.

Mtulivu: Nimefuata hatua zote, haifanyi kazi.

Jibu: Kwa muda gani?

Mtulivu: Tangu asubuhi.

Jibu: Sawa. Rudi baada ya wiki sita.

Kofia Nyeupe: Samahani, ila kichwa chini ndio msingi wa gofu. Mzee wangu alinifundisha hivyo na anapiga vizuri mpaka leo. Usipotoshe watu.

Jibu: Shikamoo yangu imfikie mzee. Sikusema uinue kichwa. Nasema ukikigandisha baada ya mpira kuondoka, mabega yanagoma kugeuka na mikono inabaki peke yake. David Duval na Annika Sörenstam vichwa vyao vilikuwa vinageuka pamoja na mwili hata kabla ya mpira kuguswa, na wote wawili wamewahi kuwa namba moja duniani. Sikushauri uwaige. Nakuonyesha tu kwamba kichwa si msumari.

Kofia Nyeupe: Hapo sawa. Kumbe alikuwa anamaanisha nisichungulie mapema.

Mjomba Saa Kumi: Nina miaka 58. Kiwiko kinaniuma upande wa ndani tangu nianze mazoezi kwenye zulia la plastiki. Niendelee?

Jibu: Hapana mjomba, pumzika kwanza. Zulia lililolala juu ya sakafu ngumu linarudisha mshtuko wote mkononi, na mbaya zaidi linakudanganya: ukipiga nyuma ya mpira fimbo inateleza na mpira unaruka kana kwamba ulipiga vizuri. Maumivu yakiisha, rudi kwenye nyasi, mipira michache, mshiko uliolegea. Yasipoisha, muone daktari. Mimi niliyapuuza, kwa miezi miwili nikawa siwezi kufungua kifuniko cha chupa.

Kedi Mstaafu: Niongeze kidogo. Nimebeba mabegi ya wachezaji miaka mingi, na wengi wanaharibu kwa haraka ya kupandisha. Wachezaji wazuri, muda wa kupandisha ni kama mara tatu ya muda wa kushusha. Hesabu moja-mbili-tatu ukipanda, kushuka ni moja.

Jibu: Hii ilitakiwa iwe kwenye somo. Asante mzee.

Kibuyu: Na kupati, kuusukuma mpira shimoni? Hujagusa kabisa habari za kwenye grini, pale penye nyasi fupi kuzunguka shimo.

Jibu: Somo ni la swingi. Ila umenikamata pabaya. Uwanja wa mashimo 18 na mapigo 72 umehesabiwa mapigo mawili ya grini kwa kila shimo, yaani 36, nusu nzima. Wote tunakesha na dreva.

Kedi Mstaafu: Wakianza mazoezi, waanzie hatua moja kutoka shimoni. Wanaume hawapendi, wanasema wanaonekana watoto.

Mtulivu: Wiki sita hata kama nafanya mara mbili kwa siku?

Jibu: Mipira 20 kwa siku, nimeandika. Muulize mjomba habari za kiwiko.